Analia kila jioni: je, maziwa yangu hayatoshi?

Swali:

Mtoto wangu wa kwanza, Imani, ana siku 25. Alizaliwa na kilo 3.1. Siku ya 14 alikuwa na kilo 3.15, na juzi, siku ya 23, nilimrudisha kliniki kwa sababu ya wasiwasi, akawa na 3.4. Namnyonyesha tu, sijampa kitu kingine chochote. Mchana hana shida. Lakini ikifika saa 11 jioni ananyonya dakika mbili tatu anaachia, analia, anakunja miguu, uso unamwiva, anajamba, anataka titi tena, analiachia tena, mpaka saa 4 usiku. Mama mkwe amekuja kutoka Vihiga kunisaidia, na anasema maziwa yangu ni mepesi, hayamshibishi mtoto. Jirani ameniletea gripe water. Nimeacha maharagwe, kabeji na ndizi. Mume wangu anasema tununue maziwa ya kopo tumpe jioni tu. Tunaishi bedsita hapa Umoja, majirani wanasikia kila kitu. Nimechoka. Nifanye nini?

Mama Imani, Umoja

Jibu:

Mama Imani, hongera kwa mtoto na pole kwa jioni hizo. Jibu la swali lako kubwa umeliandika mwenyewe, liko kwenye zile kilo. Kutoka siku ya 14 hadi ya 23 Imani ameongeza gramu 250 kwa siku 9, yaani karibu gramu 28 kwa siku. Mtoto wa umri wake tunategemea aongeze gramu 20 hadi 30 kwa siku. Maziwa yasiyotosha hayamnenepeshi mtoto hivyo. Hata zile wiki mbili za kwanza alizoongeza gramu 50 tu zisikutishe, maana watoto wachanga hupungua siku chache baada ya kuzaliwa, wengine hadi sehemu moja ya kumi ya uzito wao, kisha hurudia uzito wa kuzaliwa kati ya siku ya 10 na ya 14. Imani alishuka, akapanda, na sasa amepita. Mizani haimwonei mtu haya wala haisikilizi maneno ya majirani.

Ila hakikisha anapimwa akiwa uchi, na ikiwezekana kwenye mizani ileile. Najua baridi ya Nairobi, hasa Juni na Julai, na najua foleni ya kliniki inavyosukuma. Lakini mtoto akipimwa leo na sweta na pampasi iliyolowa, na wiki ijayo bila hivyo, utarudi nyumbani ukilia kwa sababu ya uzito wa nguo.

Kati ya kupima na kupima, kipimo chako cha nyumbani ni nepi. Mtoto aliyepita siku ya 5 analowesha nepi 6 au zaidi kwa saa 24, mkojo wake hauna rangi kali, na anapata choo cha njano, chepesi, chenye chembechembe, mara 3 au 4 kwa siku. Pampasi za siku hizi zinafyonza sana hata huwezi kujua kama amekojoa. Chukua moja kavu, mimina vijiko 3 vikubwa vya maji, ishike mkononi usikie uzito wake. Huo ndio uzito wa nepi iliyolowa. Hesabu kuanzia asubuhi hadi asubuhi, andika kwenye simu, na usihesabu zaidi ya siku mbili au akili itachoka bure. Kuanzia mwezi wa pili choo kinaweza kupungua, hata siku kadhaa zipite bila choo, na kama kikija ni laini hakuna shida.

Sasa, kama maziwa yanatosha, kwa nini analia?

Kilio cha umri huu kina mwendo wake. Huanza kuzidi karibu wiki ya 2, hupanda hadi kilele karibu na wiki ya 6, halafu hushuka polepole na kwa watoto wengi kimeisha mwezi wa 3 au wa 4. Kiko kwa wanaonyonya na kwa wanaotumia chupa, kwa watoto wa Umoja na wa mitaa ya matajiri kama Karen, na kwa wengi huja jioni. Nakwambia haya kwa makusudi: huenda wiki mbili zijazo zikawa ngumu kuliko hii. Wiki ya 6 ndiyo utampeleka Imani kwa chanjo za kwanza baada ya zile za kuzaliwa, na akilia sana siku hizo watu watakwambia ni sindano imemharibu. Sindano inaweza kumletea joto kidogo na uchungu kwa siku moja au mbili. Kile kilio cha jioni kilikuwepo kabla yake.

Jina ambalo huenda daktari atakupa ni koliki. Mwaka 1954 daktari Mmarekani, Morris Wessel, na wenzake waliweka kipimo ambacho kimetumika miaka mingi: mtoto mwenye afya na anayekua, anayelia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Ukiangalia vizuri utaona jina hilo linahesabu saa tu, halitaji chanzo. Mtu akikwambia ‘ni koliki’ kisha akakuuzia chupa ya dawa, ujue amekupa hesabu, hajakupa maelezo.

Na ile miguu inayokunjwa na kujamba? Mtoto yeyote anayelia kwa nguvu hukunja miguu na hukaza tumbo. Akilia anameza hewa, na hewa lazima itoke. Kwa hiyo mara nyingi gesi unayoisikia imeletwa na kilio, si kwamba gesi imeleta kilio. Mcheulishe baada ya kila titi, umweke begani kwako au umketishe pajani huku kidevu kikiwa kwenye kiganja chako, lakini asipocheua baada ya dakika chache achana naye. Kumpigapiga mgongo nusu saa kunawachosha nyote wawili.

Nije kwa mama mkwe, kwa sababu naona hilo ndilo linalokuuma. Alichokiona ni kweli. Maziwa ya mama yanayotoka mwanzo ni mepesi na yana rangi ya kibuluu hivi. Karibu asilimia 87 ya maziwa ya mama ni maji. Lakini kadiri titi linavyopungua ndivyo mafuta yanavyozidi. Jioni titi huwa laini na maziwa hutoka kwa kiasi kidogo kuliko asubuhi, ila hayo machache huwa na mafuta mengi zaidi. Kama unataka kumaliza ubishi nyumbani, kamua kidogo mwishoni mwa kunyonyesha jioni, weka kwenye glasi safi, funika, iache mahali tulivu kwa saa chache. Utando wa mafuta utapanda juu, mama mkwe auone kwa macho yake.

Kwa nini ananyonya dakika mbili anaachia? Kwa sababu maziwa ya jioni hutoka polepole, naye Imani wakati huo hana subira. Ongeza na wewe mwenyewe: umechoka, unasikia jirani akigonga ukuta, mama mkwe anakutazama, mabega yako yako juu karibu na masikio. Homoni inayosukuma maziwa yatoke, oksitosini, hucheleweshwa na wasiwasi. Maziwa yamo, yanachelewa kushuka. Mtoto anavuta, hayaji haraka, anakasirika. Wewe unaona titi halina kitu, wasiwasi unaongezeka, na mzunguko unaendelea.

Kuna mambo matatu hapo ya kufanya kwa mkono. La kwanza ni kubinya titi. Akiwa ananyonya na ukaona amepunguza kumeza, shika titi kwa vidole vinne chini na gumba juu, mbali na chuchu, binya polepole na ushikilie bila kuumia. Utamwona anaanza kumeza tena. Akiacha kumeza, achia, sogeza mkono mahali pengine. La pili, akiachia, mhamishie titi la pili, kisha umrudishe la kwanza, hata mara nne au tano kwa saa moja. Watoto wa wiki hizi jioni hunyonya kwa mfululizo, na huko kunyonya ndiko kunakoagiza maziwa ya kesho. La tatu ni namna anavyoshika titi.

Hili la tatu nitalieleza kwa kirefu maana nusu ya akina mama ninaowaona wamekaa vibaya, na hakuna aliyewaonyesha baada ya siku ya kwanza wodini. Keti ukiegemea ukuta wenye mto, usimwinamie mtoto. Mtoto ndiye anayeletwa kwenye titi. Tumbo lake liguse tumbo lako, ili asigeuze shingo. Sikio, bega na nyonga viwe kwenye mstari mmoja. Shika shingo na mabega yake, usishike kisogo, kwa sababu ukimsukuma kisogo anajikaza nyuma. Chuchu yako ielekee pua yake, siyo mdomo. Msubiri. Atainua kichwa na kufungua mdomo wazi kabisa, na hapo ndipo unamleta kwa haraka, kidevu kikitangulia kugusa titi. Akishashika vizuri, utaona weusi unaozunguka chuchu mwingi zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini, mdomo wa chini umepinduka nje, mashavu yamejaa bila kuingia ndani, na utasikia anameza: ‘kh, kh’, pumzi, ‘kh’. Ukisikia mlio wa kubofya ulimi, au chuchu ikitoka imebanwa upande mmoja, ingiza kidole safi pembeni ya mdomo wake, mtoe, uanze upya. Maumivu makali yanayoendelea baada ya nusu dakika ya mwanzo si jambo la kuvumilia.

Kuna akina mama wenye shida iliyo kinyume cha yako, maziwa yanaruka kwa nguvu hadi mtoto anakohoa na kupaliwa, na choo chake ni cha kijani chenye povu. Hao nawaambia waegemee nyuma na wamalize titi moja kwanza. Wewe hukuniandikia hayo, kwa hiyo usianze kuyatafuta.

Sasa jioni yenyewe. Kosa la wengi ni kusubiri saa 11 ifike ndipo vita vianze. Anza saa 10. Mnyonyeshe kabla hajaomba, kisha mbebe kabla hajalia. Hilo la kumbeba lina ushahidi. Mwaka 1986 madaktari wa Montreal, Kanada, Hunziker na Barr, waligawa akina mama mafungu mawili watoto wakiwa na wiki 3. Fungu moja liliombwa liwabebe watoto angalau saa 3 kwa siku, hata wakiwa hawalii. Watoto hao walipofika wiki 6 walikuwa wakilia kwa asilimia 43 chini ya wenzao. Angalia umri: wiki 3 ndipo ulipo wewe sasa. Wengine watakwambia unamzoesha mikono. Mtoto wa siku 25 hana ujanja wa kumzoea mtu. Anajua joto, harufu, na mapigo ya moyo aliyoyasikia akiwa tumboni.

Leso moja inatosha. Kwa sasa mfunge mbele, kifuani, ngozi kwa ngozi kama chumba kina faragha, maana shingo yake haijakaza vya kutosha kwa mgongoni. Uso wake uonekane, kidevu kisikunjike kifuani, na uwe unaweza kumbusu kichwani ukiinamisha kichwa kidogo tu. Miguu ikae imetanuka na magoti yamepanda, si kunyooshwa na kubanwa pamoja. Usipike ukiwa naye kifuani. Kwenye bedsita hili ni gumu, najua, kwa hiyo ikiwezekana sufuria ya jioni ipikwe saa 8 mchana akiwa amelala. Utapata faida nyingine: saa 11 jioni chumba hakitakuwa na moshi wa jiko wala mvuke wa kitunguu, na mtoto hatakuwa katikati ya televisheni, taa kali na wageni wa kuona mtoto ambao kila mmoja anataka kumshika. Wageni waje Jumamosi asubuhi. Jioni zima televisheni, bakisha taa moja.

Akianza kulia hata hivyo, na ataanza, mpe titi kwanza. Akilikataa, inuka utembee naye. Watafiti wa Japani walichapisha mwaka 2022 jambo ambalo bibi zetu walikuwa wakilifanya bila saa: mtembeze mtoto anayelia kwa dakika 5 mfululizo, bila kusimamasimama. Akilala, usimlaze mara moja. Keti naye kifuani dakika 5 hadi 8, kwa sababu usingizi wa mwanzo ni mwepesi na anashtuka pale anapotengana na mwili wako. Baadaye mlaze chali, kwenye godoro gumu, bila mto na bila blanketi zito karibu na uso. Kama chumba ni kifupi, tembea kwenye koridoo au ngazi. Majirani wanaogonga ukuta watakuona, na mara nyingi jirani akishamwona mtoto anayelia anakuwa mpole.

Sauti ya kunguruma isiyobadilika pia huwatuliza wengi: redio isiyoshika stesheni kwa sauti ya chini upande wa pili wa chumba, feni, au wewe mwenyewe ukisema ‘shhh’ karibu na sikio lake. Mvua kwenye mabati ikinyesha una bahati. Maji ya uvuguvugu ya kuogea saa 11 badala ya asubuhi ni jaribio zuri. Kuhusu nguo, Nairobi tunawafunga watoto kupita kiasi. Kofia, sweta mbili, shali na blanketi ndani ya chumba chenye jiko linalowaka, halafu tunashangaa analia. Mvalishe nguo moja zaidi ya uliyovaa wewe, na kipimo ni shingo yake nyuma: ikiwa na jasho, vua. Mikono baridi si kipimo, mikono ya watoto wachanga huwa baridi.

Na hizi saa tano usizibebe peke yako. Mpe mama mkwe zamu, hata kama maneno yake yamekuumiza. Mama aliyelea watoto anajua kubembeleza kuliko mimi na wewe, na mtoto mara nyingi hutulia kifuani pa mtu asiyenuka maziwa kwa sababu hapo hakuna cha kugombania. Mwambie, ‘Mama, nisaidie kumbeba kutoka saa 12 mpaka saa 1 nipumzike kidogo,’ halafu ulale kweli, usikae ukimwangalia. Akitaka kumkanda kwa mafuta, akande taratibu tumboni kwa mduara wa kufuata mshale wa saa na miguuni. Mafuta yasitiwe puani, na matiti ya mtoto yasikamuliwe. Baba Imani akirudi kutoka kazini, zamu ya saa 2 ni yake. Asiulize atafanya nini: avue shati, amweke mtoto kifuani, atembee.

Gripe water. Ilianza kutengenezwa Nottingham, Uingereza, mwaka 1851 na mfamasia aitwaye William Woodward, na kwa zaidi ya karne moja ilikuwa na pombe ndani yake, pamoja na sukari, magadi na mafuta ya bizari. Haishangazi kwamba watoto walilala. Zinazouzwa sasa kwa kawaida hazina pombe, na kilichobaki ni maji matamu yenye harufu nzuri. Utamu humnyamazisha mtoto dakika chache, ndiyo maana jirani yako anaapa kwamba inafanya kazi. Hatari yake si sumu, ni kijiko na chupa iliyofunguliwa wiki iliyopita, na tumbo dogo linalojazwa kitu kisicho maziwa. Mtoto anatakiwa apate maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Maji, glukosi, dawa za miti shamba na hiyo gripe water havimo. Mshukuru jirani, iweke juu ya kabati. Dawa za matone za kupunguza gesi nazo zilipojaribiwa hazikushinda matone ya uongo yasiyo na dawa ndani. Yako matone ya bakteria rafiki, Lactobacillus reuteri, ambayo yameonyesha kupunguza kilio kwa watoto wanaonyonya. Si ya lazima, bei yake kwa duka la dawa inauma, na sijaona sababu ya wewe kuyanunua kabla ya kujaribu leso.

Maziwa ya kopo ya jioni tu ndiyo pendekezo ninalotaka mlifikirie sana wewe na baba Imani, kwa sababu linaonekana dogo. Chupa ikitolewa saa 12 jioni Imani atalala, kweli. Matiti yatakaa saa tatu au nne bila kunyonywa, na titi lililojaa hupokea ujumbe wa kupunguza kutengeneza. Baada ya siku chache jioni zitakuwa na maziwa machache kuliko sasa, chupa itaongezwa, na mwezi ujao utaniandikia kwamba maziwa yamekauka, na wakati huo itakuwa kweli. Isitoshe unga wa kopo hauji bila vijidudu. Unatakiwa uchanganywe na maji yasiyopungua nyuzi 70 za joto, kwenye chupa iliyochemshwa, kila mara. Sisemi maziwa ya kopo ni dhambi. Kama Imani angekuwa ameongeza gramu 60 badala ya 250, tungekuwa tunazungumza mengine leo hii. Lakini hana njaa, na dawa ya njaa haitibu asiye na njaa.

Chakula: rudi kwenye maharagwe yako leo. Gesi ya maharagwe na kabeji inatengenezwa kwenye utumbo wako. Haiingii kwenye maziwa. Anayenyonyesha anahitaji karibu kalori 500 zaidi kwa siku, na wewe umepunguza chakula. Kula njahi, kula ndizi, kunywa uji. Kahawa na chai ya majani mengi ndiyo ningepunguza kidogo ikizidi vikombe viwili vitatu kwa siku, kwa sababu mtoto mchanga huchukua siku kadhaa kuitoa kafeini mwilini. Wapo watoto wachache ambao maziwa ya ng'ombe anayokunywa mama huwasumbua, na hapo adui angekuwa ile chai ya maziwa tunayoipenda. Lakini watoto hao huonyesha dalili: damu au kamasi kwenye choo, vipele vya ngozi visivyopona, kutapika sana. Bila dalili hizo usijinyime.

Kabla hujaamua kwamba ni kilio cha jioni, mvue nguo zote mara moja kwenye mwanga. Angalia kila kidole cha mguu na cha mkono. Unywele mmoja, wa kwako au wa rasta, au uzi wa soksi, unaweza kujizungusha kwenye kidole ukakiminya hadi kikavimba, na mtoto atalia bila kunyamazika. Ukiukuta na huwezi kuutoa wote, nenda hospitali. Angalia pia kitovu kama kina wekundu au usaha, kinena kama kina uvimbe, na mdomo kama una utando mweupe usiofutika.

Na kuna kilio ambacho hakitaki leso wala kutembezwa, kinataka hospitali usiku huohuo: mtoto aliyekataa kunyonya, aliyelegea au asiyeamka vizuri, mwenye kipimajoto kinachosoma 37.5 au zaidi kwapani au chini ya 35.5, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia au mbavu zinazama, aliyepata degedege, anayetapika kijani au anayeruka matapishi kwa nguvu kila baada ya kunyonya, mwenye damu kwenye choo, mwenye unjano kwenye viganja na nyayo, au anayelia kwa sauti nyembamba isiyo ya kawaida yake. Usipite kwanza duka la dawa.

Wewe pia. Ikitokea jioni moja umesikia hasira inapanda mpaka mikono inatetemeka, mlaze Imani chali katikati ya kitanda mbali na ukingo, funga mlango, simama koridoo dakika 10. Atalia, kulia peke yake dakika 10 hakutamdhuru, lakini kutikiswa mara moja kunaweza kumuua au kumharibu ubongo. Mwambie hivyo kila anayembeba. Na kama unalia mchana hata mtoto akiwa ametulia, hulali hata ukipewa nafasi, au unapata mawazo ya kujidhuru wewe au yeye, hiyo inaweza kuwa sonona ya baada ya kuzaa, ina matibabu, na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako au muuguzi wa kliniki anaweza kukuelekeza wiki hii. Usingoje miezi ya likizo iishe. (Sheria inakupa miezi 3, na kilio kinakula nusu yake, aliyepanga hesabu hiyo hakuwa amelea.)

Wiki ya 6 ukimpeleka kwa chanjo, mvue nguo, apimwe, na uandike mwenyewe kwenye kitabu cha kliniki. Natarajia awe karibu na kilo 3.9. Akiwa chini ya 3.75, usiondoke hapo kabla muuguzi hajaketi akamwangalia akinyonya matiti yote mawili, hata kama foleni nyuma yako inanung'unika.